Bob kumi kwa risasi: Jinsi binamu yangu alivyochagua bastola ya kujifunzia shabaha

Hebu nikuulize. Tuseme una dola 70 kwa mwezi za kujifunza kupiga shabaha, na mtihani uko mbele yako. Dola 70, sio zaidi, kwa sababu pesa zingine zote zina mwenyewe: kodi, gari, na mtoto aliye Umoja na shosho yake anayesubiri karo. Utazitumiaje?

Hilo ndilo swali binamu yangu aliniuliza tukiwa Dallas, Texas, usiku mmoja akitoka kazini. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi, au tuseme mtu aliyekuwa na kitambulisho cha mwanafunzi, maana karo ilinishinda muhula wa tatu na safari yangu ya chuo ikaishia hapo. Yeye ni mtoto wa shangazi yangu, amenitangulia miaka saba, na kwetu huyo ni dada tu. Alienda majuu kwa kadi ya kijani aliyoshinda kwenye bahati nasibu. Alikuwa soja. Ile kazi ya kusimama mlangoni na tochi na redio, baridi ikikutafuna.

Sasa, kule Texas soja asiye na silaha na soja mwenye bastola kiunoni hawalipwi sawa. Kwa dada tofauti ilikuwa dola 6 kwa saa. Piga hesabu ya saa 40 kwa wiki, wiki nne: dola 960. Hiyo ni zaidi ya laki moja za hapa kwetu, kila mwezi, kwa kubadilisha mshipi tu. Lakini kabla ya kupewa huo mshipi lazima ukae darasani, halafu upige shabaha mbele ya mwalimu na upate angalau alama 70 kwa mia.

Dada alipata 61.

Alikuwa hajawahi kushika bastola maishani. Kule Umoja alikokulia, ukiona bastola ama ni polisi ama ni siku yako mbaya. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba macho yake ni mazuri na mikono haitetemeki, shida yake ni moja: anaogopa kishindo. Kila akikaribia kuvuta triga, mwili unajikaza kusubiri teke la bunduki, mdomo wa bastola unainama, risasi inaangukia chini ya duara. Dawa ni kurudia, mara mia, mara elfu, hadi mwili uchoke kuogopa.

Elfu. Na risasi moja ya milimita 9, ile ya mtihani, ilikuwa inauzwa kama senti 25 za dola ukinunua kwa wingi. Bob thelathini na kitu. Ukipiga 200 kwa wiki ni dola 50, kwa mwezi dola 200. Ya ukubwa wa .22 ilikuwa kama senti 8. Bob kumi! Zile 200 za wiki zinakuwa dola 16, za mwezi dola 64. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hesabu zangu usiziamini sana, lakini hizi nilizirudia mara mbili kwa simu na mara ya tatu kwa kalamu. Tofauti ni dola 136 kila mwezi. Hata ukinunua bastola ya .22 kwa dola 350, kufikia mwezi wa tatu imejilipa yenyewe.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta, na hapo ndipo mimi na dada tulipoanza kukosana.

Kwanza nikueleze hii .22 ni mnyama gani. Risasi yenyewe inayotumika sana, .22 Long Rifle, ipo tangu 1887 na haijabadilika sana. Kichwa chake kina uzito wa kama gramu 2.6, wakati kile cha milimita 9 kiko kwenye gramu 7.5. Baruti ni kidogo, kishindo ni kidogo, teke karibu halipo. Kinachoifanya iwe rahisi kutengeneza ni kwamba kile kiwasho kinachochoma baruti kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda. Pini ya bastola inagonga ukingo, ukingo unabonyea, moto unawaka. Ganda ni jembamba na hutumika mara moja tu. Hakuna anayeokota maganda ya .22 ili ayajaze upya, tofauti na yale makubwa ambayo wazee wa Texas huyakusanya kama kuku anayedonoa mtama.

Na usiidharau ukadhani ni mchezo wa watoto. Unamkumbuka Kim Yeji, yule dada wa Korea Kusini aliyetawala simu zetu 2024, kofia imegeuzwa, miwani kama ya roboti, uso hauna habari na mtu? Ile video ilitoka mashindano ya Baku, Mei 2024, akivunja rekodi ya dunia kwenye bastola ya mita 25. Hiyo ni .22. Kwenye Olimpiki ya Paris alichukua fedha ya mita 10, ambayo ni bastola ya hewa, lakini mita 25 alitoka kwenye mchujo kwa sababu risasi yake moja ilichelewa kutoka ndani ya muda, akapewa sifuri. Risasi moja tu. Mtu wa rekodi ya dunia.

Tena hiyo risasi ndogo inaua. Boksi lenyewe huonya kwamba inaweza kuruka kama kilomita 2. Fikiria kutoka Kenya Cinema hadi uvuke Ngara, na kila kitu kilichoko katikati.

Basi turudi dukani. Makosa ya kwanza yalikuwa yangu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba dada ana mikono midogo, kwa hivyo anahitaji bastola ndogo kabisa. Nikamwonyesha Beretta Bobcat, kitu kinachoingia mfuko wa jeans, kinavutia kweli. Mzee wa kaunta alicheka hadi akavua miwani. Akatueleza jambo ambalo ningependa ulibebe: bastola ikiwa fupi, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni mfupi, kwa hivyo ukikosea kidogo tu huoni kosa lako, lakini karatasi inaliona. Mpini ukiwa mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Vile vibastola vimetengenezwa vibebwe. Kujifunzia ni shughuli nyingine. Anayeanza anataka kitu kinachojaza mkono, chenye mtutu wa inchi 4 hivi au zaidi.

Makosa ya pili pia yalikuwa yangu, na hapa bado najitetea. Nilipenda Ruger Mark IV. Manze, ile ni bastola. Ukoo wake ni mrefu: kampuni ya Ruger ilianza 1949 kwa bastola ya .22 iliyouzwa dola 37 na nusu, na hii ni mjukuu wake, ilitoka 2016. Ina karibu gramu 800, mtutu umekazwa hauchezichezi, kwa hivyo inapiga pale pale. Zile za zamani zilikuwa na sifa ya kumliza mwenyewe siku ya kuzifungua kusafisha. Hii unabonyeza kitufe kimoja nyuma inakunjuka. Ukinunua iliyotumika, uliza ilitengenezwa lini, kwa sababu zile za kabla ya Juni 2017 kampuni yenyewe iliziita zirudi kurekebishwa usalama wa triga.

Dada aliipiga raundi mbili za magazini na matundu yakakaa pamoja kama familia kwenye picha. Nikajua tumemaliza. Akaiweka chini akasema hapana.

"Mtihani sitafanya na hii," akaniambia. "Nikizoea hii, nikirudi kwa ile ya kazi nitakuwa mgeni tena."

Bastola ya kazi ilikuwa Glock 19. Triga yake haifanani na ya Ruger, pembe ya mpini haifanani, vitufe haviko mahali pamoja. Dada hakuwa anatafuta bastola nzuri. Alikuwa anatafuta 61 ziwe 70. Mimi nilikuwa naangalia chuma, yeye alikuwa anaangalia mtoto wa Umoja.

Kwa hivyo ukiniuliza wewe leo, swali la kwanza sio ipi ni kali. Ni hili: unajifunzia nini? Kama lengo ni kupiga karatasi kwa raha, au unaota ya mita 25 kama Kim Yeji, basi nenda na Ruger Mark IV au Browning Buck Mark, hutajuta. Kama una bastola nyingine kubwa unayotakiwa kuimudu, tafuta ndugu yake mdogo. Smith & Wesson wana M&P 22 Compact kwa wanaobeba M&P. Glock wana Glock 44, iliyoanza kuuzwa 2020, yenye umbo na vipimo vya Glock 19 isipokuwa ni nyepesi zaidi na magazini yake inabeba 10. Taurus TX22 ya 2019 ni ya bei nafuu kuliko hizo, na magazini yake inabeba 16, jambo ambalo huwezi kulithamini hadi kidole gumba kiote malengelenge kwa kushindilia risasi. Dada aliijaribu pia Walther P22, ikaenea mkononi kama glavu, lakini mvuto wa kwanza wa triga ni mzito na unaofuata ni mwepesi, akaona hayo ni masomo mawili badala ya moja.

Akachukua Glock 44. Kama dola 370, na hiyo ndiyo ilikuwa akiba yake ya Krismasi.

Jambo lililotusaidia zaidi, na usiliruke, ni kwamba alizipiga zote kabla ya kununua. Renji nyingi za kule hukodisha bastola kwa pesa za kununua chakula cha mchana. Unalipa, unapewa miwani na vifuniko vya masikio, unapewa sheria, unajaribu. Kununua bastola kwa kuangalia video ni kama kununua viatu kwa kuangalia picha.

Umeona nasema "dada alipiga", "dada alijaribu". Mimi je? Mimi nilikuwa nyuma ya kioo na jaketi yake mkononi. Nikuambie kwa sababu wengi wenu mna mpango wa kwenda majuu kusoma: sheria ya shirikisho la Marekani hairuhusu mtu wa viza ya muda, ya mwanafunzi ikiwemo, kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama vile kuwa na leseni ya kuwinda. Rafiki akikuambia "shika tu nikupige picha", unaweza kupoteza viza kwa ajili ya status ya WhatsApp. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Dada alijaza fomu ya serikali, akaulizwa maswali, jina likapitishwa kwenye mtandao wa kukagua rekodi, ndipo akauziwa. Na lazima uwe umefika miaka 21 kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa noma. Alinunua boksi la risasi za bei ya chini kabisa, na kila baada ya risasi kumi au kumi na tano moja inagoma. Klik. Kimya. Hiyo ndiyo tabia ya .22: kile kiwasho cha ukingoni kisipoenea sawasawa wakati wa kutengenezwa, pini inaweza kugonga mahali patupu. Sheria ya klik ni kubaki hapo hapo, mdomo wa bastola ukiangalia shabaha, uhesabu hadi 30, kwa sababu mara chache moto huchelewa. Na ukisikia mlio dhaifu, kama mtu amefungua soda, acha kabisa, usipige inayofuata. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu.

Lakini zile klik ndizo zilizomfundisha. Maana risasi ikigoma na wewe hukujua itagoma, bastola haiondoki mkononi kwa teke, na kila kitu ulichokifanya kinaonekana wazi. Mimi niliona nikiwa nyuma ya kioo: klik, na mdomo wa bastola ukainama kama mtu anayesalimia. Hakuna kishindo, hakuna moto, na bado mwili wake uliogopa. Dada akageuza shingo akaniangalia. Naye aliona. Kuanzia siku hiyo alikuwa anachanganya risasi bandia za plastiki katikati ya za kweli kwa makusudi, anapakia magazini bila kuangalia, ili asijue ya uongo iko wapi. Wiki ya kwanza aliinama karibu kila mara. Wiki ya tano, klik ikija, bastola inabaki imetulia kana kwamba imepigiliwa msumari.

Baadaye alihamia CCI Mini-Mag, za bei ya juu kidogo lakini zina nguvu ya kusukuma slaidi, na kugoma kukapungua. Ushauri wangu hapo: usinunue boksi la 500 hadi ujue bastola yako inapenda chakula gani. Nunua aina mbili tatu za 50, jaribu, halafu ununue kwa wingi ile iliyokubalika. .22 zina tabia kama za mtoto mchaguzi wa chakula.

Tena ni chafu. Nyingi zina kichwa cha risasi kisichofunikwa kwa shaba, na masizi yanajaa kila kona. Kila Jumapili jioni dada alikuwa anatandaza gazeti mezani, anahakikisha bastola haina risasi, anahakikisha tena, anasugua kwa mswaki mzee na mafuta kidogo. Na mikono inaoshwa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa hata chapati, kwa sababu risasi ni madini ya sumu, jina lenyewe linakuambia.

Jambo moja .22 haikumfundisha ni teke lenyewe. Hilo huwezi kulipata kwa bob kumi. Kwa hivyo alijiwekea utaratibu: anapiga magazini nne za .22, halafu anamaliza na risasi chache za milimita 9 kwa bastola ya kukodi. Mwanzoni hizo za mwisho zilikuwa zinatawanyika. Alikuwa anarudi kwa ile ndogo, anapiga raundi moja kutuliza moyo, ndipo anaenda nyumbani. Sijui nani alimfundisha hilo la kutoondoka na kishindo masikioni.

Sasa wewe uliye hapa Nairobi unasoma hii kwa matatu, usikimbilie popote. Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura 114, inataka uwe na cheti, na ili upewe lazima uwe na sababu ya maana na usiwe hatari kwa wengine. Cheti huandika silaha ni ipi na risasi ni ngapi, kwa hivyo ile habari ya kununua 500 Jumamosi kwa sababu kuna ofa, sahau. Unakumbuka Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri, wenye leseni wote wa kiraia walipoambiwa wakaguliwe upya ndani ya siku 90? Serikali haichezi na hii kitu, na bastola bila cheti ni miaka jela. Lakini mchezo upo. Kule Kirigiti, Kiambu, kuna uwanja ambao mashindano ya IDPA hufanyika, na wageni wa kutoka nje huja kushindana. Ukitaka kuona shabaha ikipigwa kwa adabu, anzia kama mtazamaji. Mimi nilianzia nyuma ya kioo na bado niko hapo.

Dada alirudi kwa mtihani baada ya wiki tisa. Sikwenda, viza yangu ilikuwa karibu kuisha na nilikuwa napanga mifuko. Saa kumi jioni simu ikalia, picha ya karatasi imetobolewa, na chini yake namba: 84. Halafu ujumbe wa sauti. Sekunde tatu hivi za kimya, kelele za barabara, kisha: "Mwambie shangazi yako aanze kumtafutia mtoto pasipoti."

Shangazi yangu, yaani mama yake. Nilimpigia usiku huo huo. Kule Umoja ilikuwa alfajiri, akashika simu akidhani kuna msiba.